Je, Wajua? Kondoo Asiye na Sufu

Kondoo wa kienyeji unaowaona wakichungwa Bonde la Kilombero hawana sufu. Wana nywele fupi, kama mbuzi.

Na hapo ndipo penye pesa. Sufu ikiota nene, vinyweleo na mafuta yake huiacha ngozi legelege. Ngozi ya kondoo wa nywele ni nyembamba, laini na ngumu kuchanika. Watengenezaji wa glavu huitafuta hiyo. (Sweta tutanunua mtumbani.)

Lakini wakati wa kuchuna, kisu kikiteleza mara moja, ngozi inashuka daraja. Mchunaji stadi hupasua mstari tumboni, anaweka kisu kando, kisha anasukuma kwa ngumi hadi ngozi iachie nyama. Baada ya hapo huiwamba kwenye fremu ya miti, kivulini. Ukiianika chini kwenye jua kali, nje hukauka upesi huku ndani ikioza. Kasoro hiyo huonekana kiwandani tu, ngozi ikilowekwa: inatoboka.

Miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa na viwanda vikubwa vya ngozi Moshi, Mwanza na Morogoro. Ifakara yenyewe, mji wa Bonde la Kilombero, haikuwa nchi ya mifugo mingi; mbung'o, na ugonjwa wa nagana wanaouambukiza mifugo, walihakikisha hilo.

Sufu je? Mlowezi Mwingereza Lord Delamere aliijaribu Njoro, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa kondoo aina ya Merino. Majani yalikuwa tele. Madini ndiyo yalipungua udongoni, na kondoo wakafa kwa wingi, malisho yakiwa yamewazunguka.