Steringi, Kijana na Baba Mlezi

Isebania ni mji wa mpakani, Kaunti ya Migori, Kenya. Ukivuka uko Sirari, wilayani Tarime, Tanzania. Wakuria wanaishi pande zote mbili, na kwao ubaba na uzazi si lazima viende pamoja. Katika ndoa ya nyumba ntobhu, mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana ili nyumba yake ipate warithi. Watoto huwa wa nyumba hiyo, na mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao. Nafasi ya baba wa kila siku hubaki wazi, na anayeijaza, awe mjomba au jirani, huanza akiwa mgeni kwa kijana. Wazungumze nini? Nadhani filamu ya mapigano ni mwanzo mzuri kuliko kikao cha mawaidha, kwa kuwa hakuna anayelazimika kufungua moyo.

Kijana atauliza kwa nini steringi, yaani shujaa wa filamu, hakummaliza adui mapema. Mkubwa atajibu, watabishana, na tayari wanazungumzia hasira na usaliti. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamerahisisha mambo zaidi. Wamesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakitania na kumtia mwigizaji Schwarzenegger mdomoni maneno ambayo hakuyatamka kamwe, hivyo mzee asiyejua Kiingereza hachelewi kucheka kuliko mwanafunzi wa sekondari. Hadithi zenyewe pia zina ubaba ndani yake. Katika Commando ya 1985, baba anamwokoa binti aliyetekwa. Katika Terminator 2 ya 1991, mashine inamlea mvulana vizuri kuliko wanaume walioitangulia, kwa sababu tu haimwachi hatarini.

Kuna watakaosema filamu hizi hufundisha ubabe, na eneo hili lililoumizwa na wizi wa mifugo na mapigano ya koo lina haki ya kuhofia. Hata Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya hutenga filamu za kuanzia miaka 16 na za kuanzia miaka 18. Lakini kijana mwenye simu ataziona tu, tena peke yake, bila mtu wa kumwambia kwamba aliyepigwa nondo kichwani hainuki akakimbia. Wengine watasema kutazama si kulea. Ni kweli, karo hailipwi na Rambo. Basi wewe mlezi, chagua filamu inayolingana na umri wake, zima simu yako, na ukae naye hadi mwisho.