Nahau ya Kiingereza na Mahali Pake

Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kenya waliojiandaa kwa KCPE, mtihani uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, walikariri misemo ya Kiingereza ya kutia kwenye insha. Mvua ikinyesha, lazima iwe "cats and dogs"; shujaa akitulia, awe "as cool as a cucumber"; tena mara nyingi ndani ya aya moja. Bidii yao naiheshimu. Walichokosa wengi ni kuelezwa msemo upi husemwa na nani, na wakati gani.

Maana si kazi kubwa; kamusi inayo. Tazama "kick the bucket". Ni kufa, basi. Lakini nani kwetu angempa mfiwa pole kwa kuwa baba yake amekata kamba? Tungesema ameaga dunia, au ametangulia mbele ya haki. "Kick the bucket" nayo ni ya mzaha, na ikiingia kwenye barua ya rambirambi humuumiza anayeisoma.

Isitoshe, haigeuziki. Ukisema "the bucket was kicked", msikilizaji ataona ndoo ya kweli imepigwa teke. Ila "spill the beans", yaani kutoboa siri, hukubali: "the beans were spilled" inaeleweka vizuri. Maharagwe yale yanasimama badala ya siri, ilhali ndoo haisimami badala ya kitu chochote. Orodha za kukariri hazikuonyeshi hilo.

Tashbihi nazo zina mipaka. "As cool as a cucumber" humsifu mtu asiyetetereka katika msukosuko. Haifai kwa maji ya mtungini. Na zilizozoeleka huchuja: George Orwell, katika makala yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, aliwaonya waandishi dhidi ya tashbihi walizozoea kuziona zimechapishwa.

Mimi ningemwanzisha mwanafunzi na nahau zisizojitangaza: "make up your mind", "run out of time", "keep an eye on". Waingereza huzisema kutwa, jikoni na ofisini. Ile ya mvua wanaijua, lakini ikimwagika wengi watasema tu "it's pouring". Kisha anakili sentensi nzima alimoikuta nahau. Hapo ndipo ataona kwamba "keep an eye on the baby" ni kumwangalia mtoto huku ukiendelea na shughuli zako, na "keep your eyes on the baby" ni kutombandulia macho kabisa.