Nyaya Nne Zilizozishinda Ishirini na Tano

Msimu wa kuomba mikopo ya vyuo ukifika, steshenari za Chato mjini na Buseresere hujaa vijana wenye fomu za kuprinti. Kazi yote hupita kwenye kebo fupi yenye ncha ya mraba inayochomekwa nyuma ya printa. Ndani ya kebo hiyo, USB ya kawaida, mna nyaya nne tu: mbili za umeme wa volti 5, mbili za data. Kebo iliyoitangulia ilikuwa nene, pini 25 upande wa kompyuta na 36 upande wa printa, na bado ilikuwa goigoi. Imekuwaje nyaya chache zipitishe mengi zaidi?

Kebo ile ya zamani ilianzia kwa kampuni ya Centronics ya Marekani mwaka 1970, ikaenea baada ya IBM PC kutoka mwaka 1981. Ilipeleka biti 8 kwa mpigo, yaani herufi nzima, kila biti kwa waya wake. Nyaya nyingine ziliongoza mazungumzo: mmoja uliiarifu printa kwamba herufi iko tayari, mwingine ulirudisha jibu kwamba printa ina kazi, kompyuta isubiri.

Shida ni kwamba nyaya nane hazilingani kabisa. Chukua mitumbwi minane inayong'oa nanga pamoja ufukweni Chato. Safari ikiwa fupi, itafika karibu pamoja. Ikiwa ndefu, mmoja hutangulia na mwingine huchelewa. Kundi la pili likitumwa upesi, mitumbwi yake ya mbele itaikuta iliyochelewa ya kundi la kwanza, na mpokeaji hatajua upi ni wa kundi lipi. Ndivyo biti zinavyovurugika kebo ikirefushwa au kasi ikiongezwa.

USB, iliyotoka mwaka 1996, hutuma biti mojamoja kwa foleni. Nyaya zake mbili za data hubeba umeme unaopingana: mmoja ukipanda, mwenzake hushuka. Vurugu za umeme kutoka kwenye mashine ya kuchomelea jirani huzigusa zote kwa kiasi kilekile. Mpokeaji hupima tofauti yao tu, na vurugu zinajifuta. Kwa ufundi huo, USB 2.0 ya mwaka 2000 ilifikia biti milioni 480 kwa sekunde. Mpaka wake ni mita 5. Printa ikiwa chumba cha mbali, ni bora kuvuta kebo ya mtandao, inayofika mita 100.

Kebo ya RS-232, nayo ya kutuma biti mojamoja, ya tangu miaka ya 1960, haijafa. Ipo nyuma ya mizani nyingi za kielektroniki za kupimia madini, ikipeleka uzito kwenye printa ndogo ya risiti. Uzito wa dhahabu ni tarakimu chache. Kasi ya nini?

Kuhusu Wi-Fi, wengi huogopa kwamba kuprinti bila waya kunakula bando. Hakuli. Faili hutoka kwenye simu, likapita kwenye rauta hadi kwenye printa, hata kama laini haina salio. Wi-Fi Direct, inayounganisha simu na printa moja kwa moja, haihitaji hata rauta. Bando huliwa unapopakua hati kutoka WhatsApp au barua pepe. Ila zipo programu za simu zinazolipeleka faili kwanza kwenye seva za mbali kabla ya kulirudisha kwenye printa iliyo mezani hapohapo. Hizo ndizo za kuzikagua kwenye mipangilio.