Sura ya Saba: Gari Lifungalo Breki Lenyewe

Barabara itokayo mpakani Sirari, ikapita Tarime mjini na kuteremka hadi daraja la Kirumi juu ya mto Mara, ni ya lami. Bali ile ichepukayo Tarime kwenda Nyamwaga, Nyamongo na hatimaye Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe na vumbi, na juu yake hukutana kwa saa moja maksai waliofungwa nira wakirudi shambani, bodaboda yenye abiria wawili na gunia la mahindi, mchomoko, yaani gari dogo la abiria, uliojaa watu hadi kwenye buti, na lori zito liendalo mgodini. Magari ya siku hizi yamepewa ala ya kujizuia yasigonge, na ala hiyo ilibuniwa na watu ambao aghalabu hawajapata kuiona barabara ya namna hii. Kwa hiyo ni hapa hasa ningependa msomaji aichunguze.

Tuanze na hesabu, kwani ndiyo iliyozaa haja. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho, asiye na simu sikioni, hutumia kadiri ya sekunde moja na nusu tangu jicho lione hatari hadi mguu ukanyage breki, na katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 bila ya kupunguza mwendo hata kidogo. Ndipo breki huanza kazi: kwenye lami kavu, kwa matairi mazuri, gari litataka mita 35 nyingine lipate kusimama, na kwenye changarawe zaweza kuzidi 50. Juu ya mita hizi za pili ala yetu haina mamlaka, maadamu ni shauri la tairi na ardhi. Faida yake yote imo katika zile 33 za kwanza, ambazo binadamu huzipoteza kwa sababu ya umbile lake tu.

Jicho la kwanza la ala hiyo ni rada, nayo, kinyume cha wadhaniavyo wengi, haikuzaliwa vitani. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alionyesha watu mjini Köln, kando ya mto Rhine, chombo kilichorusha mawimbi yasiyoonekana na kupiga kengele mara mawimbi hayo yaliporudishwa na meli iliyokuwa ikipita. Nia yake ilikuwa vyombo visigongane katika ukungu. Wenye majeshi ya bahari hawakumjali. Rada iliyofichwa leo nyuma ya nembo ya gari, ndogo kama kitabu cha mfukoni, hutumia mawimbi yenye urefu wa milimita 4 hivi, na mwangwi wa kitu kilicho mita 75 mbele huirudia katika nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Fauka ya umbali, rada hutambua mwendo, kwa kuwa mwangwi wa kitu kinachokaribia hurudi umebanwa kidogo, na wa kinachokwenda mbali hurudi umelegea. Giza haliidhuru, wala ukungu wa alfajiri.

Ukigawanya umbali kwa mwendo wa kukaribiana, hupata muda uliobaki kabla ya kugongana, na nambari hiyo moja ndiyo inayoiongoza ala katika kila uamuzi wake. Tuseme lori liko mita 50 mbele likienda kilomita 40 kwa saa, nawe unakwenda 80: mnakaribiana mita 11 kila sekunde, basi zimebaki sekunde nne na nusu. Zikipungua hadi mbili hivi, mlio husikika na taa nyekundu huwaka. Zikizidi kupungua, na dereva asifanye neno, gari hufunga breki lenyewe. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 152, iliyoanza kutumika mwaka 2020, yataka onyo litangulie, kwa kadiri iwezekanavyo, sehemu nane za kumi ya sekunde kabla ya breki za dharura, na breki hizo zipunguze angalau mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde.

Mtu atauliza: mbona ala hungoja hadi dakika ya mwisho? Hungoja kwa sababu breki ya bure nayo ni ajali. Gari likisimama ghafula pasipo sababu, basi lililo nyuma yake halina pa kwenda. Kwa hiyo wahandisi wameiweka ala katika hali ya kadhi, asiyetoa hukumu nzito kwa shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni kamera iliyobandikwa nyuma ya kioo cha mbele, ambayo haipimi mwangwi bali hutambua sura, kwa kuwa imefunzwa kwa picha chungu nzima za migongo ya magari, watu na baiskeli. (Subaru, tangu mwaka 2008, ilichagua njia nyingine, ya kamera mbili zipimazo umbali kama macho ya mtu.)

Hapa ndipo ng'ombe wa Tarime anapoleta mashaka. Rada huupima mwendo wa kuja na kuondoka tu. Akatizaye barabara pembe mraba haji wala haondoki, na katika hesabu yake hufanana na nguzo au kingo za kalavati, vitu ambavyo rada imefunzwa kuvitilia shaka, la sivyo ingefunga breki kila penye kibao. Basi shauri huachiwa kamera, na kamera humjua iliyefundishwa kumjua. Kanuni niliyoitaja inazungumza juu ya gari, mtu aendaye kwa miguu na mpanda baiskeli, maksai hakutajwa. Volvo ilijitahidi kuifunza ala yake wanyama wakubwa wa kaskazini, wa jamii ya kulungu, lakini ilipofikishwa Australia ikatahayari kwa kangaruu: akiwa hewani ilimdhani yuko mbali, akitua ilimwona karibu, kwa sababu ilipima umbali kwa kutazama mahali mnyama anapogusa ardhi. Ng'ombe, alhamdulillahi, harukiruki.

Usiku ni taabu nyingine. Taasisi ya Marekani ya usalama barabarani, IIHS, ilipochunguza mwaka 2022 iliona kwamba breki za namna hii zimepunguza ajali za waendao kwa miguu kwa asilimia 27, lakini gizani, pasipo taa za barabarani, haikuona nafuu yoyote. Kati ya Nyamongo na Mugumu taa za barabarani ni chache mno.

Na nyumbu je, wanaozidi milioni, wapitao kaskazini mwa Serengeti kila mwaka? Magari mengi yakishasimama yenyewe huachia breki baada ya sekunde chache, yakidhani dereva ameshika usukani wa mambo, ilhali nyumbu hafuatwi na mmoja bali na mia. Nafuu ni kwamba ndani ya hifadhi mwendo umewekewa mpaka wa kilomita 50 kwa saa, na tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ilizuia barabara ya lami isikate upande ule wa kaskazini.

Limebaki jambo la gereji. Magari mengi yatufikiayo yametumika Japani, na ala hizi zimo ndani yake. Matope yakiganda juu ya nembo, rada huziba. Jiwe la lori likipasua kioo, hubandikwa kipya, na kamera hurudishwa kwa mkono na fundi asiye na kompyuta ya kuipima upya. Kosa la digrii moja, kwa umbali wa mita 50, ni karibu sentimita 90, yaani bodaboda nzima yaweza kuhesabiwa kuwa nje ya njia. Kwa hiyo anunuaye aliwashe gari kwanza, azingoje taa za dashibodi zizime, na ile ya njano yenye picha ya gari likigonga ikikataa kuzima, aipunguze bei, kwani breki hizo hazimo.