Pambo Lisilokatalika

Mtu anunuapo kanga hutazama kwanza pindo, akautazama mji, akalisoma na jina, ndipo anapoamua kulipa au kuirudisha juu ya meza ya mwenye duka. Katika kurasa za intaneti desturi hiyo imepinduliwa. Msomaji anayefungua tovuti ya gazeti, ya benki au ya wizara hupokelewa na picha kubwa iliyotandazwa kichwani mwa ukurasa, pengine yenye kuteleza huku na huko, pengine yenye maua ya sikukuu yanayodondoka, naye haulizwi kama anaitaka. Sisi tunaona kwamba anastahili kuulizwa.

Wasomaji wetu wasidhani kwamba tunazungumzia jambo dogo la urembo. Tarehe 10 Juni 2010 kampuni ya Google, ambayo ukurasa wake wa mbele ulikuwa umejulikana kwa weupe na unyenyekevu wake, iliweka nyuma ya kisanduku cha kutafutia picha za wasanii mashuhuri, miongoni mwao Jeff Koons na Dale Chihuly. Nia ilikuwa kuzionyesha kwa muda wa saa 24. Siku chache kabla yake watu walikuwa wamepewa hiari ya kujichagulia picha, na hiari hiyo haikumuudhi mtu. Safari hii picha zilikuja zenyewe, wala hapakuonekana njia iliyo wazi ya kuziondoa. Watu walifanya nini? Waliiuliza Google yenyewe! Maneno ya kuuliza namna ya kuiondoa picha ya Google yakapanda hadi yakaingia katika orodha ya mambo yaliyotafutwa sana siku hiyo. Kabla ya saa 24 kutimia picha zikaondolewa, na kampuni ikaeleza kwamba kiungo kilichokusudiwa kuwafafanulia watu habari ile hakikuonekana kwa sababu ya hitilafu ya programu.

Funzo la siku ile halikuwa kwamba watu wanachukia mapambo. Google hiyo hiyo ilianza kuichezea nembo yake mwaka 1998, hata kabla ya kuandikishwa kuwa kampuni, na michoro hiyo imependwa duniani kote. Tofauti ni kwamba nembo iliyochorwa hukaa mahali pake, na kisanduku cha kutafutia kinabaki vilevile. Milango ya Lamu na Unguja imenakshiwa kuliko tovuti yoyote, lakini hakuna mgeni anayengojea nakshi imalize kucheza ndipo aingie ndani.

Hata nembo ikizidisha michezo huleta udhia. Mwezi Mei 2010, katika kuadhimisha miaka 30 ya mchezo wa Pac-Man, Google iligeuza nembo yake kuwa mchezo kamili wenye sauti. Wengi waliufurahia. Lakini baadhi ya watumiaji wa programu ya Firefox, waliokuwa na kiongezo kimoja kilichofungua ukurasa huo kwa siri, walisikia milio katika kompyuta zao wasijue inatoka wapi, wakahofu kwamba mashine zimeingiwa na kirusi.

Jambo zito zaidi ni afya. Wapo watu ambao sikio lao la ndani, lile linalotunza mizani ya mwili, huvurugika waonapo vitu vikiteleza na kukua mbele ya macho. Hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Mwaka 2013, kampuni ya Apple ilipotoa mfumo wa iOS 7 uliojaa miendo ya namna hiyo, malalamiko yalikuwa mengi, na mwezi Oktoba mwaka huo ikaipanua swichi ya kupunguza miendo. Tangu 2017 programu za kusomea tovuti zimeanza, moja baada ya nyingine, kuufikishia ukurasa matakwa hayo ya mwenye simu. Kasoro ni moja: ukurasa unaambiwa, haulazimishwi. Fundi asipoandika maagizo ya kutii, maua yataendelea kudondoka. Nao mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti umesema tangu 2008 kwamba kitu kinachoanza kusogea chenyewe kandokando ya maandishi, kikidumu zaidi ya sekunde 5, sharti kiwe na njia ya kusimamishwa au kufichwa.

Kwetu Afrika Mashariki kuna pia hesabu ya mfuko. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018 iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti lenyewe. Basi picha ya kichwani yenye megabaiti 2 ikifunguliwa mara 500 imekula megabaiti 1,000 za wananchi. Ni kweli kwamba simu huihifadhi picha iliyokwisha kuipakua. Lakini pambo linalobadilishwa kila siku haliipati nafuu hiyo.

Wenye tovuti husema kwamba nyumba ni yao na rangi ni yao. Kwa duka la manukato tunakubali. Kwa ofisi ambayo mwananchi hana nyingine ya kuiendea hatukubali hata kidogo. Kitufe cha kuliondoa pambo kiwekwe juu, mahali panapoonekana, kiandikwe kwa lugha ya msomaji, wala asidaiwe kujiandikisha kwanza. Na akishachagua, uchaguzi wake ukumbukwe kesho na keshokutwa. Idara zinazoagiza tovuti kwa mafundi ziyaandike hayo ndani ya mkataba, kwa maana fundi hulipwa kwa kilichoandikwa.

Kwa sasa, msomaji anayesumbuliwa aifungue mipangilio ya simu yake, aingie sehemu ya ufikivu, atafute swichi ya kupunguza au kuondoa miendo, aiwashe. Tovuti zilizotengenezwa kwa uangalifu zitatulia papo hapo.