Moto wa Mseto katika Nyumba za Zamani za Uingereza

Na Mwanafunzi wa Zamani, Birmingham

Watu wengi kwetu hudhani kwamba Waingereza, kwa kuwa wanakaa katika nchi ya baridi, wamejenga nyumba zao zote kwa namna ya kuizuia baridi isiingie. Sivyo hata kidogo. Mimi nafanya kazi ya mabomba na mitambo ya joto katika mji wa Birmingham, na kila siku naingia katika nyumba ambazo baridi hupita mlangoni, dirishani, sakafuni na hata katika dohani. Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji jambo moja la kazi yangu, nami nimechagua hili: jinsi mtambo wa joto wa namna mbili unavyotiwa katika nyumba ya zamani. Ninyi mnaosoma fizikia mtaona kwamba mambo mnayoandika katika madaftari yenu ndiyo yanayotulisha sisi huku.

NYUMBA ZENYEWE

Nyumba ninazosema zilijengwa zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 mpaka 1901. Zimepangwa safu safu, ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake. Kuta za nje ni za matofali ya kuchoma, unene wake inchi 9, nayo yameunganishwa kwa chokaa wala si kwa saruji. Kila chumba kilikuwa na meko yake ya makaa ya mawe. Moshi wa makaa hayo ulikuwa balaa. Desemba 1952 ukungu na moshi uliifunika London kwa muda wa siku tano, ukaua maelfu ya watu, na mwaka 1956 ikatungwa sheria ya kusafisha hewa.

Baadaye, tangu 1967 mpaka 1977, majiko na mitambo ya nchi nzima ilibadilishwa ili itumie gesi itokayo chini ya Bahari ya Kaskazini. Ndipo boila ya gesi ilipochukua mahali pa makaa. Boila hutia maji moto, maji huzunguka katika mabomba mpaka kwenye rejeta zilizofungwa ukutani, mfano wa rejeta za motokaa, nazo hutoa joto chumbani. Lakini gesi nayo ina hewa yake chafu inayoongeza joto la dunia, na mwaka 2019 Uingereza ilijifunga kwa sheria kwamba ifikapo 2050 uchafu huo uwe umekwisha kabisa, au ule unaobaki uwe na cha kuufidia. Kwa hiyo kila mwenye nyumba anaulizwa: utaacha gesi lini?

PAMPU YA JOTO

Badala ya gesi tunaletewa pampu ya joto. Ili kuifahamu, jaribu mambo mawili. Mimina spiriti kidogo mkononi. Inapokauka utasikia baridi, maana imechukua joto la mkono wako ili iwe mvuke. Kisha jaza upepo katika gurudumu la baiskeli, halafu shika pampu chini. Ina moto, kwa sababu hewa ikishindiliwa hupata joto. Unganisha mambo hayo mawili, umepata pampu ya joto.

Ndani ya mtambo mna kitu kama gesi ya propeni, ambayo huchemka kwenye digrii 42 chini ya sifuri. Kwa kitu cha namna hiyo, hata hewa ya nje yenye digrii 2 tu ni moto wa kutosha kukichemsha. Kikishakuwa mvuke, kompresa hukishindilia mpaka kiwe moto sana, kisha kinayapa maji ya nyumba joto hilo, kinakuwa tena maji, na kurudi nje kuchota joto jingine. Friji ya dukani hufanya kazi iyo hiyo: huchota joto la chakula na kulitupa nje. Wala si jambo jipya. Mtaalamu William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilieleza tangu 1852.

Faida yake ni hii: umeme haugeuzwi kuwa joto, bali unatumika kulihamisha tu. Ukitumia kipimo kimoja cha umeme waweza kupata vipimo 3 au 4 vya joto. Lakini kuna sharti. Hewa ya nje ikizidi baridi, au ukitaka maji yazidi moto, faida inapungua. Na rejeta za nyumba za zamani ziliwekwa kwa maji ya digrii 70 hivi. Ukizipa maji ya digrii 45, zinatoa chini ya nusu ya joto lake.

KWA NINI NAMNA MBILI

Hapo ndipo penye mashaka ya watu. Nitatoa mfano wa bibi mmoja, mwalimu aliyestaafu, anayekaa katika nyumba aliyoachiwa na baba yake. Wakati wa baridi alifunga vyumba vyote akaishi jikoni, maana aliogopa ankara ya gesi, na kifua chake si kizima. Fundi mmoja alikuwa amemwambia ang'oe sakafu yote, abadilishe mabomba yote, anunue pampu kubwa. Hana fedha hizo. Alituuliza, "Je, nihame nyumba ya baba yangu?"

Tulifanya hesabu. Siku ya baridi kali, nje ikiwa digrii 3 chini ya sifuri na ndani 20, tofauti ni digrii 23, na nyumba ile inataka kilowati 10 hivi. Lakini siku kama hizo ni chache. Nje ikiwa digrii 8, tofauti ni 12 tu, na nyumba inataka kilowati 5 na kidogo. Basi pampu ndogo yaweza kubeba siku nyingi za mwaka, na boila ya gesi iliyopo ikaja kusaidia siku za shida. Huo ndio mseto: mitambo miwili, maji mamoja.

Halafu kuna bei. Tuseme gesi ni peni 6 kwa kipimo na umeme peni 24, maana huku umeme umekuwa karibu mara nne ya gesi. Boila nzuri hupoteza sehemu ya kumi, kwa hiyo kipimo cha joto lake ni kama peni 6 na theluthi mbili. Pampu ikizidisha mara 4, joto lake ni peni 6. Ikizidisha mara 3 tu, ni peni 8. Kifaa cha kuongoza mtambo hupima hewa ya nje, hufanya hesabu hiyo, na kuchagua.

KAZI ILIVYOFANYWA

Hatukuanza na mtambo, tulianza na nyumba. Kwanza, tulitandaza sufi ya kuzuia joto juu ya dari, unene sentimita 27. Pili, tuliziba nyufa za madirisha, tukaongeza kioo cha pili kwa ndani. Tatu, madohani yasiyotumika tuliyaziba, lakini tukaacha tundu dogo. Matundu ya hewa yaliyo chini ya sakafu hatukuyagusa, wala hatukupaka ukuta saruji. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiufunga, unyevu hubaki ndani na mbao zikaoza.

Nne, tulisafisha kutu katika mabomba, tukabadilisha rejeta tatu za vyumba vikubwa. Tano, tuliweka pampu ua wa nyuma, mbali na dirisha la jirani kwa sababu ya mlio, na chini yake kokoto za kunywa maji yanayodondoka, yasigande njiani. Kama nyumba ipo katika orodha ya majengo yanayohifadhiwa, sharti upate ruhusa kabla ya kugusa kitu.

Mseto una ubaya wake. Una mitambo miwili ya kutunza, na ada ya kila siku ya gesi haiondoki. Tena ule msaada wa serikali, ambao tangu Oktoba 2023 ulikuwa pauni 7,500 kwa pampu katika Uingereza na Wales, hautolewi kwa mtambo wa mseto, kwa kuwa gesi bado imo. Kwa hiyo nyumba iliyokwisha zibwa vizuri, naona afadhali pampu peke yake, hasa kwa kuwa kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kilifungwa hapa Septemba 2024, na umeme unazidi kuwa safi. Lakini kwa mtu kama yule bibi, mseto ni daraja la kuvukia. Sasa anasomea chumbani kwake, wala hakuhama.

Basi, ndugu zangu mlio darasani, mwalimu akiwafundisha habari za mvuke na joto, msiseme ni mambo ya mtihani tu. Huku kuna wazee wanaoyangoja.