Vidonge vya Kunona Havijengi Mlinzi wa Kwotabeki

Swali limenifuata kutoka Voi hadi Wundanyi, likashuka nami Mwatate na kunisubiri Taveta: "Daktari, nimeze nini nifike kilo 140?" Muulizaji ni kijana wa kidato cha nne au aliyemaliza juzi, mrefu, mwenye mabega mapana, aliyecheza raga shuleni kama propu. Simu yake imejaa video za mpira wa Kimarekani, ule wa wachezaji waliovaa helmeti. Amesikia kuna Wakenya waliofika kwenye ligi kuu ya kule, na hilo ni kweli. Swali lake ndilo lililokosewa, nami nimechoka kulijibu mmoja mmoja mlangoni.

Wengi hunitajia Daniel Adongo, mwanaraga aliyesajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kuucheza mpira ule, na Desemba ya mwaka huohuo akaingia uwanjani. Sawa, lakini Adongo alikuwa mkabaji. Anayepaswa kutazamwa na kijana wa umbo la propu ni Rees Odhiambo, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Texas, akacheza Chuo Kikuu cha Boise State, kisha akachaguliwa na Seattle Seahawks katika raundi ya tatu ya uchaguzi wa wachezaji wapya mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa katika safu ya watu watano wanaosimama mbele ya kwotabeki, yule mrusha mpira, na kuwazuia wapinzani wasimfikie. Alikuwa na kilo 140 hivi. Nikifika hapo kijana huacha kusikiliza, kwa sababu ameshaipata namba aliyoijia.

Yaliyofuata ndiyo ya kusikilizwa. Mwaka 2017 mwenzake George Fant aliumia goti, na Odhiambo akapewa nafasi ya pembeni kushoto, ile inayolinda mgongo wa kwotabeki. Alianza mechi saba. Oktoba, baada ya kucheza na Colts, alipelekwa hospitalini akipumua kwa shida, mfupa wa kifua umeumia. Mwisho wa mwezi klabu ikamleta mkongwe Duane Brown kutoka Houston. Mwaka 2018 Seahawks wakamwacha, yakaanza maisha ya begi mkononi: kikosi cha mazoezi, simu ya wakala, jaribio jingine, klabu nyingine. Ligi ina klabu 32, kila moja ina wachezaji 53 msimuni, na kila anayegombea nafasi katika safu ile ana kilo zake. Hazimtofautishi yeyote. Mchezaji wa kuhamahama huitwa tena kwa sababu anaweza kucheza ndani na pembeni, kushoto na kulia, miguu yake ni myepesi kuliko mwili wake, na Jumatano anajifunza mipango ya timu ngeni aitumie Jumapili.

Sasa twende kwenye vidonge, maana huko ndiko swali linakoelekea hata kijana asipotamka.

Vinauzwa kwa jina la dawa za kunona. Mara nyingi ni aina mbili zilizofungwa pamoja kwenye kikaratasi kisicho na jina wala tarehe, pamoja na maelekezo ya mdomo: hiki asubuhi, hiki usiku. Nilivyoletewa na kuvitambua vilikuwa deksamethasoni na saiproheptadini. Ya pili ni dawa ya mzio. Inaongeza njaa, kweli, na inaleta usingizi, jambo la ajabu kumpa mtu anayetakiwa kuinuka mpira unapoguswa tu. Unene wake ni mafuta, usipofanya mazoezi mazito.

Deksamethasoni ndiyo inayonikasirisha. Ni dawa nzuri sana mikononi mwa anayeijua; imeokoa wagonjwa wengi mahututi. Lakini ukiimeza kila siku ili unone, inavunja protini ya misuli, na inaanza na misuli mikubwa ya nyonga na mapaja. Yaani inakula kilekile ambacho mlinzi wa kwotabeki anasukumia. Wakati huohuo mwili unashika maji na chumvi, mafuta yanahamia usoni, tumboni na nyuma ya shingo, na kijana anapiga picha kwenye kioo akidhani dawa imekubali.

"Lakini rafiki yangu amepata kilo nane kwa mwezi." Najua. Nimemwona. Nilimketisha kwenye kiti cha kawaida cha kliniki, nikamwambia akunje mikono kifuani asimame. Aliinama mbele, akarudi, akainama tena, mwishowe akashika magoti kujisukuma juu. Mashavu yamejaa, tumboni ana michirizi ya zambarau, na propu huyu ameshindwa na kiti. Mizani haikumdanganya kuhusu kilo nane. Haina namna ya kumwambia ni kilo za nini.

Kuna sukari kupanda, mifupa kudhoofika na vidonda kuchelewa kupona. Zaidi ya hayo, tezi zilizo juu ya figo hulala zikaacha kutengeneza homoni yake, kwa hiyo aliyemeza kwa wiki kadhaa akiacha ghafla anaweza kuzimia, na hata kufa. Asiache mwenyewe, aje hospitali apunguziwe kwa mpango. Na kwa wale wasioogopa kifo ila wanaogopa kufungiwa: deksamethasoni ya kumeza imepigwa marufuku wakati wa mashindano, na kusema hukujua kilichomo kwenye kikaratasi si utetezi.

Hata kilo halali za mchezo ule ni za kushikiliwa kwa nguvu. Joe Thomas, aliyelinda kwotabeki wa Cleveland Browns kwa miaka kumi na moja, alipungua zaidi ya kilo 20 baada ya kustaafu mwaka 2018 na kuacha kula kwa kujilazimisha.

Basi, kwa haraka. Kula mara nne au tano: kimanga cha mihogo na maharagwe, pojo, mbaazi, mayai, maziwa, ndizi za Taveta. Kuongeza uzito nusu kilo kwa wiki kunatosha. Chuchumaa na uzito begani chini ya jicho la anayejua, si peke yako gereji. Lala. Jipime kiuno pamoja na uzito: kiuno kikikimbia mbele, punguza. Unga wa makopo wa kunenepesha ni ghali na wakati mwingine una visivyoandikwa; maziwa na mayai yanatosha. Cheza raga kwanza, ujifunze kushuka chini na kutumia mikono. Jordan Mailata wa Philadelphia Eagles alitoka kwenye raga ya Australia, akapitia programu ya ligi ya kufundisha wageni, na alichaguliwa raundi ya saba mwaka 2018 akiwa hajacheza mechi hata moja ya mpira ule. Ligi ilileta kambi Nairobi mwaka 2023. Ikirudi, wataangalia miguu yako kabla ya kitambi. Na usisahau mpira wa bendera, unaoingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028: watu watano kila upande, kukabana ni kuchomoa kitambaa kiunoni, na kilo 140 zitakuchelewesha tu.